Baraza la Mawaziri: Kazi Yake, na Kwa Nini Linatuhusu Hata Huku Ugenini

Mazungumzo ya Kamati ya Elimu katika sherehe ya jumuiya yetu hapa Uingereza, Sikukuu ya Uhuru na Jamhuri



 Tunawashukuru kina mama na vijana walioshinda jikoni tangu jana. Harufu ya pilau imeshafika huku mbele, kwa hiyo tunaahidi kwamba hatutawachelewesha.

Kila mwaka Kamati ya Elimu hupewa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo moja litakalowafaa wakubwa na watoto. Mwaka huu tumechagua Baraza la Mawaziri. Tunajua wapo watakaosema hayo ni mambo ya wanasiasa. Lakini watoto wetu katika darasa la Kiswahili wametuuliza maswali ambayo wazazi wengi tunayakwepa: Kwa nini Tanzania ina Rais na pia ina Waziri Mkuu? Hapa tulipo, mbona Waziri Mkuu anabadilishwa na hakuna aliyepiga kura? Na Mfalme anafanya nini? Leo tutajaribu kuyajibu, kisha tuseme kwa nini majibu yake yanagusa visa zetu, familia zetu na mifuko yetu.

Sikukuu mbili katika siku moja

Watoto, tarehe 9 Desemba inabeba sikukuu mbili. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Tarehe 9 Desemba 1962, mwaka mmoja kamili baadaye, ikawa Jamhuri. Ndiyo maana kadi zetu za mwaliko husema "Uhuru na Jamhuri".

Katika ule mwaka mmoja wa katikati, nchi yetu iliendeshwa kwa mfumo unaofanana sana na huu wa Uingereza. Mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia Elizabeth wa Pili, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull. Mwenye kuendesha serikali alikuwa Waziri Mkuu, Mwalimu Julius Nyerere, pamoja na Baraza lake la Mawaziri. Humo walikuwamo Rashidi Kawawa, Oscar Kambona, Paul Bomani, Amir Jamal, Derek Bryceson na Sir Ernest Vasey aliyeshika fedha. Waafrika, Mwasia na Wazungu walikaa meza moja, na wote walijibu hoja za Bunge lililokutana katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam.

Kisha likatokea jambo ambalo watoto wetu watalielewa vizuri kwa sababu wameliona hapa. Tarehe 22 Januari 1962, siku 44 tu baada ya uhuru, Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge upya chama cha TANU. Kawawa akashika nafasi yake. Hakukuitishwa uchaguzi wowote, na hakuna sheria iliyovunjwa. Kwa nini? Kwa sababu katika mfumo wa kibunge wananchi hawamchagui Waziri Mkuu. Wananchi huchagua wabunge, na Waziri Mkuu ni yule anayeungwa mkono na wabunge walio wengi. Akiondoka yeye, chama chenye wabunge wengi kinatoa mwingine. Ndivyo ilivyokuwa hapa mwaka 2022, nchi ilipokuwa na mawaziri wakuu watatu ndani ya miezi michache, Boris Johnson, Liz Truss na Rishi Sunak, bila uchaguzi mkuu katikati.

Mfano wa kamati ya harusi

Tueleze kwa mfano ambao hakuna Mswahili asiyeujua. Familia inapotaka kuoza, ukoo mzima hauwezi kwenda sokoni kununua mchele. Huundwa kamati ya harusi. Mmoja anashika chakula, mwingine ukumbi, mwingine usafiri, mwingine fedha. Mwenyekiti anawakutanisha. Wenye harusi wanabaki na heshima yao, lakini kazi ni ya kamati, na kamati hutoa hesabu mbele ya kikao cha ukoo.

Baraza la Mawaziri ndiyo kamati hiyo kwa nchi nzima. Mfalme ni kama babu wa ukoo: harusi hufanyika kwa jina lake, lakini hapangi bei ya mbuzi. Bunge ndilo kikao cha ukoo. Waziri Mkuu ni mwenyekiti wa kamati, na kila waziri ameshika kapu lake.

Hapa Uingereza Baraza hili hukutana Downing Street namba 10, kwa kawaida Jumanne asubuhi, likiwa na mawaziri ishirini na ushei. Kazi zake kubwa ni nne. Ya kwanza ni kukubaliana sera, yaani serikali itafanya nini na itaacha nini. Ya pili ni kupanga miswada ya kupelekwa Bungeni. Ya tatu ni kugawa fedha, kwa sababu Waziri wa Afya anataka zaidi, wa Ulinzi anataka zaidi, na mfuko ni ule ule. Ya nne ni kupatanisha wizara, ili wizara moja isijenge kinachobomolewa na nyingine. Wahenga walisema nahodha wengi chombo huenda mrama. Baraza lipo ili manahodha wakubaliane njia kabla chombo hakijang'oa nanga.

Mazungumzo yao ni ya siri. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mpaka mwaka 1916 hakukuwa hata na katibu wa kuandika kumbukumbu rasmi za vikao hivyo. Sasa zinaandikwa, na baada ya miaka kadhaa nyingi hufunguliwa katika hifadhi ya nyaraka ya taifa kule Kew, London. Kijana wetu anayesoma historia anaweza kwenda kusoma mawaziri wa hapa walisemezana nini juu ya nchi za wazazi wake walipokuwa wakitafakari kuzipa uhuru. Tunawahimiza vijana waende.

Kuwajibika

Sasa tunafika kwenye moyo wa jambo lenyewe. Kinachoitofautisha kamati hii na kundi la wakubwa wanaokula pamoja ni neno moja: kuwajibika. Na kuwajibika kuna namna mbili.

Namna ya kwanza ni kuwajibika kwa pamoja. Ndani ya kikao waziri anaweza kubishana mpaka jasho limtoke. Wakishakubaliana, wote wanatoka na kauli moja. Asiyeweza kuitetea kauli hiyo hadharani, anajiuzulu. Mwezi Machi 2003 Robin Cook, aliyekuwa waziri hapa, hakukubaliana na uamuzi wa kwenda vitani Iraki. Hakubaki barazani akinung'unika pembeni. Alijiuzulu, akasimama Bungeni akaeleza sababu zake.

Namna ya pili ni waziri kuwajibika kwa wizara yake, hata kwa kosa ambalo hakulitenda kwa mkono wake. Sisi tunasema mkubwa ni jalala. Mfano bora hatuna haja ya kuuazima kwa Waingereza. Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Ilibainika kwamba raia waliokamatwa mkoani Shinyanga waliteswa, na wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mzee Mwinyi hakumpiga mtu. Lakini vyombo vile vilikuwa chini ya wizara yake, naye akajiuzulu. Miaka minane baadaye, mwaka 1985, Watanzania walimkabidhi urais. Watoto, hapo pana somo: kuwajibika hakukumshushia mzee yule heshima hata chembe.

Hapa tulipo, mwaka 2018, watu waliotoka visiwa vya Karibi wakiwa watoto, waliofanya kazi na kulipa kodi kwa miaka mingi, walijikuta wakiambiwa hawana haki ya kuwepo nchini. Walipoteza kazi, matibabu na nyumba, na wengine waliondoshwa nchini. Hao ndio watu wa Windrush, waliopewa jina la meli iliyofika mwaka 1948. Waziri wa Mambo ya Ndani, Amber Rudd, aliiambia kamati ya Bunge kwamba hakukuwa na malengo ya idadi ya watu wa kuondoshwa. Nyaraka zikaonyesha malengo yalikuwepo. Mwezi Aprili alijiuzulu, akisema alilipotosha Bunge bila kukusudia.

Tumeutaja mkasa huu kwa sababu sisi nasi ni watu wa makaratasi. Kilichowasaidia watu wale ni magazeti yaliyoandika, wabunge waliouliza maswali, na waziri aliyelazimika kujibu mbele ya Bunge. Pale ambapo waziri halazimiki kujibu, mnyonge hana pa kushika.

Bunge lisipokuwa na meno

Nguvu yote ya mfumo huu inasimama juu ya jambo moja: Bunge linaweza kuiangusha serikali. Tarehe 28 Machi 1979 wabunge wa hapa walipiga kura ya kutokuwa na imani na serikali ya James Callaghan. Kura zilikuwa 311 kwa 310. Serikali ilianguka kwa kura moja, nchi ikaenda kwenye uchaguzi mwezi Mei, na Margaret Thatcher akaingia. Anayewaambia kura moja haina maana, mkumbusheni hesabu hiyo.

Tukirudi nyumbani, tuseme ukweli kwa upole. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71 vya kuchaguliwa. Wananchi walikipenda chama chao, na hilo si kosa. Lakini Bunge la namna hiyo haliwezi kuwa na upinzani wa kukaa ng'ambo ya pili na kuuliza maswali magumu. Kiti cha mkosoaji kilibaki wazi. Hapa kiti hicho kina watu, na wanaitwa Baraza la Mawaziri Kivuli: kila waziri ana mwenzake wa upinzani anayemfuata hatua kwa hatua, na kila Jumatano saa sita mchana, Bunge likiwa na vikao, Waziri Mkuu mwenyewe husimama kuulizwa.

Majirani zetu nao walianza hivyo hivyo. Uganda mwaka 1962 na Kenya mwaka 1963 zilianza na Waziri Mkuu na Baraza linalowajibika Bungeni, Milton Obote kule na Jomo Kenyatta huku. Zanzibar nayo ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 ikiwa na Sultani na Waziri Mkuu, na mfumo huo ukaondolewa na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Kenya ikawa Jamhuri yenye Rais mtendaji mwaka 1964. Uganda yalitokea makubwa zaidi: mwezi Februari 1966 mawaziri watano walikamatwa wakiwa ndani ya kikao cha Baraza. Meza iliyokusudiwa kwa kubishana ikawa mtego.

Kwa nini viongozi wetu waliuacha mfumo huu mapema hivyo? Hoja iliyotolewa Tanganyika ilikuwa kwamba kwa watu wetu heshima na madaraka havitenganishwi. Mtu anayeheshimiwa kama mkuu wa nchi ndiye anayetarajiwa kutawala, na Malkia wa mbali hakuwa na mizizi kwetu. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na wazee wetu wengi waliikubali. Swali lililobaki, ambalo kila nchi yetu bado inalijibu kwa njia yake, ni hili: Rais akishika vyote viwili, nani atamuuliza?

Kwetu leo

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 imechanganya mifumo miwili. Rais huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, na ndiye anayeongoza vikao vya Baraza la Mawaziri. Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Rais wa Zanzibar na mawaziri wote ni wajumbe. Hilo ni la mfumo wa urais. Lakini mawaziri huteuliwa kutoka miongoni mwa wabunge, jina la Waziri Mkuu hupelekwa Bungeni kuthibitishwa kwa kura, na Ibara ya 53 inasema mawaziri, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu, wanawajibika kwa pamoja Bungeni. Bunge pia linaweza kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Hayo ni ya mfumo wa kibunge. Ndiyo maana, watoto, Tanzania ina Rais na pia ina Waziri Mkuu, na ndiyo maana Waziri Mkuu wa Dodoma na yule wa London wana cheo cha jina moja lakini mamlaka tofauti.

Meno hayo yamewahi kuuma. Mwezi Februari 2008, baada ya kamati teule ya Bunge kusoma ripoti yake juu ya mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, ingawa alisema hakupewa nafasi ya kusikilizwa na kamati hiyo. Rais Jakaya Kikwete akaunda Baraza jipya, na Mizengo Pinda akawa Waziri Mkuu.

Ndugu zetu wa Kenya, ambao baadhi yao tunao leo, walichagua njia nyingine kwa Katiba yao ya mwaka 2010. Kwao mawaziri si wabunge. Rais huwateua na Bunge huwapiga msasa. Kila njia ina faida na hasara. Waziri aliye mbunge anaonana na wabunge wenzake kila siku na hawezi kujificha, lakini akili yake imegawanyika kati ya wizara na jimbo. Waziri asiye mbunge ana muda wa kazi, lakini yuko mbali na wananchi. Tunawaachia vijana wetu hoja hii waijadili baada ya chakula.

Linatuhusuje huku?

Mwezi Aprili 2024 kiwango cha kipato kinachotakiwa ili mtu amlete mumewe au mkewe hapa kilipandishwa kutoka pauni 18,600 hadi pauni 29,000 kwa mwaka. Sote humu ukumbini tunajua maana yake. Dada anayewatunza wazee katika nyumba za kulea alijikuta ameolewa kwa simu. Uamuzi ule haukushuka kutoka mawinguni. Ulitangazwa na waziri, ukabebwa na Baraza zima, ukaingizwa kwenye kanuni za uhamiaji zilizowekwa mbele ya Bunge.

Wapo wanaotegemea kwamba waziri mwenye asili ya kwetu atatuonea huruma. Mama yake Rishi Sunak alizaliwa Tanganyika, na baba yake Kenya. Wazazi wa Priti Patel walitoka Uganda, na baba yake Suella Braverman alitoka Kenya, na hao wawili wote walikuwa Mawaziri wa Mambo ya Ndani. Watoto wetu wajivunie kwamba mtoto wa mhamiaji anaweza kufika meza ile. Lakini kanuni hazikulegea kwa sababu ya majina yao. Waziri husema kauli ya Baraza, si kauli ya ukoo wake. Kwa hiyo msiulize waziri anatoka wapi. Ulizeni chama chake kimeahidi nini, na mbunge wenu alipigaje kura.

Na hapa ndipo tunapotaka kila mtu atege sikio. Wengi wetu tunaamini kwamba mwenye pasipoti ya Tanzania hana kura hapa. Si kweli. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali, mwenye kibali cha kuingia au kukaa, anaweza kujiandikisha na kupiga kura, pamoja na ile ya kumchagua mbunge. Tanzania imo, Kenya imo, Uganda imo, Rwanda imo. Huna haja ya kusubiri pasipoti nyekundu wala ya bluu. Siku ya kupiga kura, pasipoti yako ya Jumuiya ya Madola inakubalika kama kitambulisho. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo hawana haki hiyo mpaka wachukue uraia, na kwa sababu hiyo sisi tulio nayo tunaipiga kwa niaba yao pia.

Hata asiye na kura ana mbunge. Wabunge wa hapa huwa na siku za kukutana na watu wa majimbo yao, na hawaulizi ulimpigia nani. Barua ya visa ikikwama, mbunge anaweza kuiandikia wizara na kuomba majibu. Huko ndiko kuwajibika kunakoshuka kutoka Downing Street mpaka mlangoni kwako. Anayenyamaza anaifungulia wizara mlango wa kunyamaza nayo.

Leo pale mlangoni tumeweka meza. Vijana wetu wawili wako pale na simu zao, watakusaidia kujiandikisha kwa dakika chache. Njoo na namba yako ya bima ya taifa. Vijana wa miaka 16 na 17 nao wanaweza kujiandikisha sasa, ili wakitimiza umri wa kupiga kura majina yao yawe tayari kwenye daftari.

Wazee wetu wa mwaka 1961 walipigania haki ya kuwauliza wanaowatawala. Wengine walifungwa kwa ajili ya haki hiyo. Si vizuri watoto na wajukuu wao kuikuta haki hiyo hiyo ugenini, imewekwa mezani bure, wakaipita kwenda kuchukua sahani.

Basi piteni mezani kwanza, halafu pilau. Tunawatakia nyote sikukuu njema ya Uhuru na Jamhuri.